Mama Polepole na Giza Lisilotiririka

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa ya kutoka kazini, mkuu wa kitengo chetu cha dawa za kutoka taratibu atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kamati ya wafanyakazi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu hiki cha sherehe. Ofisi ya uhusiano nayo imeniletea ushauri wake: wasifu uwe mfupi, uwe wa furaha, uchekeshe kidogo, na usiguse mambo yenye utata. Nimeupokea kwa mikono miwili. Kuchekesha, nitachekesha. Ufupi siuahidi. Na furaha mtanisamehe, kwa sababu nina hasira, na mstaafu wetu mwenyewe hajawahi kumwamini mtu anayechekacheka wakati kazi imeharibika.

Humu ndani hakuna anayemwita kwa cheo chake. Kuanzia getini mpaka ghorofa ya juu yeye ni Mama Polepole. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani atakutana na mtu wa kunong'ona na kukaribisha viti. Kumbe! Mama hutembea kana kwamba amesahau jiko linawaka. Hunywa chai akiwa amesimama, hufunga mlango kwa kisigino, na akikupigia simu hakusalimii mpaka amalize shida yake, ndipo anakumbuka kuuliza kama watoto hawajambo. Jina alilipata kwa kazi yake, ambayo ni kuifanya dawa ya sindano itoke polepole ndani ya mwili, siku hadi siku, mwezi mzima. Subira yote aliyojaliwa ameimalizia humo. Sisi wenzake tumeishi na makapi.

Aliingia hapa akiwa mfamasia mpya mwenye viatu vipya vya kubana, akapangiwa idara ya vidonge. Meza ya jirani alikaa mfamasia mwenzake aliyeingia mwaka uleule, ambaye leo ndiye Mkurugenzi wetu. Walikuwa wanaazimiana mizani na kugombania feni. Nalitaja hili mapema ili mtu asije akasema namwandika Mkurugenzi kama mtu asiyejua dawa. Anajua. Kidonge anakifahamu kwa kukigusa tu, atakwambia kimekandamizwa zaidi au kina unyevu. Si mjinga hata kidogo, na hasira yangu inaanzia hapohapo.

Mama angeweza kukaa kwenye vidonge mpaka leo, pengine angekuwa na ofisi yenye zulia. Lakini nyumbani kwao kulikuwa na kidonge kimoja kilichowashinda wote. Mdogo wake wa kiume ni fundi seremala, na fundi kweli, si wa kubahatisha. Alipokuwa kijana alianza kusikia watu wakimsema nyuma ya ukuta, watu wasiokuwepo. Hospitali walimpa vidonge na vidonge vilimkubali. Akivimeza, anatengeneza milango inayojifunga kwa kidole kimoja. Akiacha, baada ya wiki chache anaanza kuing'oa, kwa kuwa anaamini kuna mtu amefichwa ndani ya mbao.

Kwa hiyo mama yao mzazi akawa mlinzi. Kila asubuhi alisimama mbele ya mwanawe na kikombe cha maji: fungua, meza, inua ulimi, geuka huku nione. Mtu mwenye ndevu! Siku moja fundi alimwambia dada yake maneno ambayo Mama ametusimulia mara nyingi, na kila mara akiyafikia hukaza kifuniko cha chupa iliyo mkononi hata kama kilikuwa kimekazwa tayari: "Dada, nina wateja wananiita bosi. Lakini siku yangu inaanza kwa kukaguliwa mdomo kama mtoto aliyeiba sukari. Sichoki dawa. Nachoka kuchunguliwa."

Wiki hiyohiyo Mama aliomba kuhamia kitengo cha sindano. Wakati huo kitengo kilikuwa chumba kimoja chenye sinki linalovuja na kabati lisilofunga. Mdogo wake ndiye aliyekuja kulitengeneza kabati, na linafunga mpaka leo.

Sasa kwa wale wa hesabu, wa stoo na wa magari, ambao kila mwaka mnasikia mradi wa mafuta mkadhani tunakaanga kitu, naomba dakika zenu. Sindano za kukaa mwilini muda mrefu hatukuzivumbua sisi. Ila si kila dawa inakubali kuwekwa humo, na ile iliyomfaa fundi ilikuwa mojawapo ya zile zinazokataa. Mama akaichanganya na mafuta maalumu, aina ambazo mwili unazifahamu na una uwezo wa kuzila. Ndani ya bomba la sindano mafuta hayo ni mepesi, yanapita bila taabu. Yakiingia chini ya ngozi yanakunywa maji ya mwili, kisha yanaanza kujipanga yenyewe kwa yenyewe bila kuitiwa kikao, jambo ambalo Mama husema limewashinda watu wengi wenye mishahara. Yanageuka jeli nzito yenye vijia vyembamba vya maji vinavyopinda na kukutana pande zote. Kwa kuwa si jiwe na si maji, wataalamu huiita jeli hiyo fuwele za kioevu. Dawa inabaki imenaswa mle ndani, inatafuta njia kidogo kidogo, huku mwili ukiyatafuna mafuta kutoka nje mpaka yaishe. Hakuna kitu cha kurudi kutoa. Choma mara moja, mwezi umepita.

Ukisikiliza hivyo unaona ni rahisi. Usione vyaelea, vimeundwa. Kwa miaka mingi adui wa Mama alikuwa pupa. Kabla jeli haijakaa sawa, dawa nyingi ilikuwa inatoroka siku ya kwanza. Dawa ikitoroka hivyo inamlaza mtu kama gogo, halafu wiki ya tatu inamwacha peke yake na sauti zake za ukutani. Mama alibadilisha mafuta, akabadilisha vipimo, akarudia, akatukana, akarudia tena. Ukutani alitundika bango lenye maneno "Haraka haraka haina baraka". Alilitundika akiwa juu ya kiti cha magurudumu, kwa haraka, akaanguka, akateguka kifundo cha mguu. Bango limebaki limeinama upande mmoja na ni marufuku kulinyoosha.

Kila mfanyakazi mpya wa kitengo alipokelewa kwa paja la kuku. Lilikuwa paja bichi, juu ya sinia, na pembeni bomba lenye mafuta yasiyotiwa dawa na sindano nyembamba. Unaambiwa uchome kwa mkono wako dhaifu, usukume mpaka bomba liishe, bila kukunja uso. Ukikunja uso, mchanganyiko ule ni mzito, hata kama karatasi inasema vingine, na unarudi mezani. Mama alikuwa akisema muuguzi wa wodi ana wagonjwa wanaomsubiri, hana nafasi ya kujikaza kisabuni na bomba lako, na mgonjwa naye hakuomba kuchomwa msumari. Kuna watu humu hawajala kuku tangu siku yao ya kwanza ya kazi. Mkurugenzi wetu, enzi zile za kugombania feni, naye alipitia akajaribu. Alipinda sindano, akacheka mpaka machozi. Alikuwa anacheka vizuri siku zile.

Nifike sasa kwenye kazi yangu mimi, ambayo ni hadubini, kwa sababu bila hadubini hamtaelewa tulivyofikishwa hapa tulipo.

Hadubini ninayotumia ina vichujio viwili vya mwanga, kimoja chini na kimoja juu, vimekingamana. Usipoweka kitu katikati, mwanga haupenyi na unaona giza. Ukiweka jeli iliyojipanga matabaka matabaka, inaupindisha mwanga, nao unapenya kwa rangi za kupendeza, utadhani umefungua duka la vitambaa. Wageni huzipenda sana rangi hizo. Sisi zilitutesa, maana jeli ya matabaka ndiyo iliyokuwa inamwaga dawa kwa pupa. Jeli tuliyokuwa tunaitafuta, ile ya vijia vya kukutana pande zote, imejipanga sawa kila upande, kwa hiyo haiupindishi mwanga popote. Ukiichungulia, unaona giza.

Shida ni kwamba mafuta mabichi, yasiyojipanga kabisa, nayo yanaonyesha giza. Kuna giza la kazi ambayo haijaanza na kuna giza la kazi iliyokamilika, na kwa macho yanafanana. Ndiyo maana Mama aliweka sheria ambayo kila mtu wa kitengo anaijua kabla hajajua choo kiko wapi: macho yakiona giza, mkono ndio useme. Unachukua sindano ndefu, unachoma sampuli pembeni ya kioo kilichoibeba. Mafuta mabichi yanatiririka na kuziba palepale. Jeli haitiririki. Tundu linabaki limekodoa.

Siku ilipofanikiwa nilikuwepo. Nilichungulia nikaona giza, nikamwita, akaja na kikombe chake cha chai mkononi. Akachungulia, akachukua sindano, akachoma. Tundu likabaki. Akachoma tena kando yake, nalo likabaki. Mama akavuta kiti akakaa, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anakunywa chai akiwa amekaa. Akainywa mpaka kikombe kikaisha. Kisha akaniambia, "Zima taa ya hadubini, usiichoshe," akatoka, na baada ya muda mfupi nikamsikia stoo akigombana na mtunza glavu kwa sauti ya mtu mwenye furaha kubwa.

Majaribio yaliyofuata yalimwunga mkono. Kwenye vyombo vyetu dawa ilitoka taratibu, na kwa wanyama wa maabara kiwango chake kwenye damu kilikaa sawa bila kuruka siku ya kwanza. Daktari mkuu wa wodi ya magonjwa ya akili, hospitali ya jirani, alikuja akasoma matokeo yote, akasema kwa mdomo wake: nileteeni ikiwa imemaliza chumba cha uzee, mimi nitaandaa jaribio la kwanza kwa watu, kwa vibali vyote.

Chumba cha uzee ndicho kile cha mwisho wa korido, chenye joto na unyevu usiobadilika, ambamo dawa huwekwa ili izeeke kabla ya mgonjwa kuitumia. Inatakiwa ikae humo miaka miwili. Ikitoka bado nzima, unaruhusiwa kuendelea. Umeme ukizimwa katikati, muda wote uliopita umekwenda na maji, na unaanza upya.

Kipindi hicho mama yao mzazi alikuja getini. Alikuwa amesikia kwamba dawa ya mwanawe imepatikana, akataka moja tu, ampelekee. Mlinzi alimwita Mama Polepole, akatoka, na mama mtu mzima akamshika mkono mbele ya watu wote: "Mwanangu, ni moja tu. Mimi nimechoka." Mama Polepole akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Halafu akasema, "Mama, siwezi kumchoma mwanao kitu ambacho sijaijua kesho yake. Nivumilie." Alimsindikiza mpaka kituoni. Aliporudi hakugombana na mtu siku nzima, na sisi tuliogopa kuliko siku zote.

Mwaka jana, katikati ya muda wa chumba cha uzee, fundi aliugua tena. Mama yao alikuwa amelazwa kwa malaria, hakukuwa na wa kumsimamia, na fundi akaacha vidonge. Majirani walimpigia dada yake simu: ameshang'oa mlango wa mbele, sasa yuko kwenye wa jikoni. Mama akatoka hapa mbio, akaenda kumpeleka wodini.

Asubuhi hiyohiyo Mkurugenzi alileta wajumbe wa bodi kutembelea maabara. Ziara haikuwa kwenye ratiba yetu. Alitaka kuwaonyesha hadubini, na mimi nikaiwasha. Kwanza alichukua kioo cha zamani kilichokuwa mezani, cha jeli ya matabaka, ile iliyotushinda. Rangi zikawaka. Wajumbe wakapanga foleni, wakashangilia, mmoja akapiga picha kwa simu yake. Halafu Mkurugenzi akaweka kioo kipya. Akachungulia. Akageuza kitufe huku na huku. Akasema, "Hapa hakuna kitu."

Nilisema. Nataka ieleweke kwamba nilisema, tena si kwa kunong'ona: "Mkurugenzi, giza ndilo jibu, chukua sindano uchome." Afisa wa itifaki akanigusa bega akaniambia muda wa wageni ni mchache. Wajumbe wakachungulia mmoja mmoja, wakaona giza mmoja mmoja, na mwenyekiti wao akauliza kwa upole kama ndiyo kazi ya miaka yote hiyo. Mkurugenzi akajibu kwamba utafiti una hasara zake. Wakaenda kunywa chai. Mwisho wa mwezi tukaambiwa bodi imeamua mradi wa mafuta usiendelezwe baada ya mkuu wake kustaafu, kwa kuwa sampuli ya zamani ilikuwa na matumaini na hii mpya haina kitu.

Kosa lile mimi nalielewa. Lingemkuta mtu yeyote aliyezoea vidonge, maana kidonge ukikitazama unakiona. Kufanya kosa si kosa. Kinachonikosesha usingizi ni kilichofuata. Mama aliporudi kutoka wodini, macho mekundu, sare ikiwa na vumbi la mbao, alikwenda moja kwa moja ghorofa ya juu. Alimwomba mwenzake wa zamani ashuke, achukue sindano, achome, basi. Tulikuwa tumesimama kwenye ngazi, wote tulisikia. Mkurugenzi alisema matokeo ya vipimo vingine ameyaona na hana ubishi nayo. Ubishi hana! Ila akasema, "Wajumbe wameshaambiwa. Nikirudi kuwaambia niliona vibaya, nitaonekanaje?"

Mama akamjibu, "Utaonekana kama mtu aliyeona vibaya. Hakuna aliyekufa kwa hilo. Kwa kunyamaza wapo."

Tangu siku hiyo hawajaongea zaidi ya salamu. Mara nne kitengo chetu kimeomba wajumbe waitwe tena, na mara nne tumejibiwa kwamba suala hilo limefungwa. Nimefanya kazi hapa muda mrefu kiasi cha kujua vitu vingi vinavyofungwa humu: madirisha, mafaili, midomo. Sijawahi kuona kitu kilichofungwa kwa sababu nyepesi kama hii. Mtu mmoja anaona aibu, basi wagonjwa wote wa mji wakae wakisubiri aibu yake iishe.

Mwezi huu imeletwa amri nyingine. Chumba cha uzee kizimwe siku ya mwisho ya Mama kazini, ili kiwe ukumbi wa kupokelea wageni, wenye makochi na picha za vidonge vyetu vilivyopata sifa. Sampuli za Mama zimebakiza miezi mitano tu humo ndani. Miezi mitano, baada ya kazi ya nusu ya maisha ya mtu! Zikitoka salama daktari wa wodi anazisubiri, na ameshasema hahitaji bodi yetu, anahitaji sampuli zilizokamilika. Zikizimiwa umeme Ijumaa, hakuna wa kuanza upya, kwa sababu mwenye kuanza upya tunamuaga Ijumaa hiyohiyo kwa keki.

Fundi umeme wetu aliagizwa akaandae kuzima. Alikwenda, akarudi, akaripoti kwamba swichi haionekani. Ameitafuta wiki nzima. Ni mtu ambaye amefunga nyaya za jengo hili zote kwa mikono yake, lakini ndiyo hivyo, umri unakwenda, swichi haionekani. Namshukuru hapa kwa niaba ya wengi. Lakini hatuwezi kumwachia mtu mmoja mzigo wa kutoona kwa miezi mitano.

Kuhusu mafanikio mengine ya mstaafu, yapo na si haba. Amefundisha wafamasia waliotawanyika hospitali nyingi, na utawatambua kwa namna wanavyosukuma sindano bila kukunja uso. Alipigania sindano nyembamba kwa dawa za watoto mpaka akashinda. Alimfukuza maabarani mwakilishi wa kampuni moja ya mafuta kwa sababu alileta pipa lenye harufu akadai pua ya Mama ndiyo mbovu. Alimfundisha mfagizi wetu kusoma kipimajoto cha chumba cha uzee, na mfagizi huyo amekuwa akikikagua hata siku za sikukuu bila kuagizwa. Ametukaripia wote. Amehudhuria misiba yetu yote, na huko nako ametukaripia kwa kupanga viti vibaya.

Menejimenti imemwandalia zawadi ya kiti cha kubembea, na kadi yenye maneno "Sasa ni wakati wa kupumzika". Nimekiona kiti. Ni kizuri, ingawa fundi seremala akikitazama miguu yake atahuzunika. Lakini kuhusu kupumzika naomba tusidanganyane kwenye kijitabu chetu wenyewe. Mama yao mzazi sasa ni mzee sana. Macho yake hayaoni tena chini ya ulimi wa mtu. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, wakati sisi tunafungua milango hii, Mama Polepole atakuwa amesimama jikoni kwao na kikombe cha maji. Atamwambia mwanamume mwenye mvi, anayemwita dada, afungue mdomo, ameze, ainue ulimi, ageuke huku. Tangu alipohamia sindano alikuja hapa kila siku ili neno hilo lisisemwe tena nyumbani kwao, na pensheni yake inaanza kwa kulisema. Huko ndiko tunakomtuma na kiti cha kubembea. Nikiwaza hivyo, kalamu inataka kutoboa karatasi.

Basi sikilizeni mpangilio wa sherehe. Wajumbe wa bodi wamekubali mwaliko na watakuwepo, wote. Kamati ya wafanyakazi imeniruhusu kuweka hadubini kwenye meza ya mlangoni, karibu na maua, na kila anayeingia anakaribishwa kuchungulia. Kuna vioo viwili. Cha kushoto kina rangi, nanyi zifurahieni, hazina kosa. Cha kulia kimetoka chumba cha uzee wiki hii. Mtaona giza. Pembeni yake kuna sindano ndefu, na mimi mwenyewe nitakuwa nimesimama hapo, nikiwa nimevaa vizuri. Fundi seremala naye atakuwepo, amekaa safu ya mbele na dada yake. Yuko salama, amemeza asubuhi, amekaguliwa.

Hotuba ya Mkurugenzi ni baada ya chai. Mkurugenzi, tunakuheshimu, na wapo humu wanaokumbuka ulivyopinda sindano kwenye paja la kuku ukacheka. Tunachokuomba ni kidogo kuliko hotuba. Ukifika mlangoni, chungulia cha kulia mbele ya wageni wako. Ukiona giza, usiseme neno. Chukua sindano, choma, subiri kidogo, halafu waambie wajumbe tundu limeziba au limebaki. Neno moja tu kati ya hayo mawili. Ukilisema lililo kweli, fundi umeme ataendelea kutoiona swichi yake kwa amani, na sisi tutakupigia makofi kuliko tutakavyoipigia keki.

Mama Polepole, asante. Asante kwa kelele zako, kwa kuku wote wale, kwa sheria ya mkono, na kwa kumkatalia mama yako mzazi pale getini kitu ambacho wengi wetu tungempa. Wengine watakutakia mapumziko, mimi sithubutu, ungenikaripia. Sisi wa kitengo tunakutakia asubuhi moja. Asubuhi ambayo mdogo wako atatoka chumbani kwake, umsalimie, akusalimie, umwangalie machoni, mnywe chai. Umekaa.